Sura ya Saba: Chupa Isiyo na Kreti

Nenda duka lolote la Mbinga mjini, agiza soda ya chupa ya kioo, kisha jaribu kuondoka nayo.

"Chupa unayo, kaka?"

"Sina, mangi. Nitakurudishia jioni."

"Haya, acha hela ya chupa."

Ubishi umeisha. Hela inaachwa, na jioni chupa ikirudi hela nayo inarudi. Mwenye duka hana roho mbaya. Kreti yake ina matundu 24, na gari la soda likija kushusha kreti iliyojaa litataka kuondoka na nyingine yenye chupa 24 tupu. Pungufu ni lake. Wakala aliyemletea naye anadaiwa na aliye juu yake, na huyo naye anadaiwa, deni linapanda hivyo hivyo mpaka kiwandani. Katika mnyororo wote huo hakuna afisa mazingira hata mmoja, wala mgambo, wala bango la kampeni. Lakini pita mitaroni asubuhi baada ya mvua ya Januari: utakuta kandambili ya mguu mmoja, pampasi, mfuko wa sabuni ya unga, shina la kabichi. Chupa ya soda ya kioo huikuti.

Ya plastiki utaikuta. Kinywaji kilichokuwamo ni kilekile, mara nyingi kiwanda ni kilekile, na hata gari lililoipandisha milima ya Umatengo huenda ni lilelile. Ila ya kioo ilisafiri ikiwa imeshalipiwa nauli ya kurudi, na hii ya plastiki ilikatiwa tiketi ya kuja tu.

Kwa maoni yangu, mambo yote ya taka katika mkoa wa Ruvuma yanaanzia kwenye nauli hiyo. Tumezoea kuyazungumza kama mambo ya tabia: wananchi wachafu, elimu haijatosha, mtendaji wa kata hafuatilii. Tabia ipo, sikatai. Lakini mtu yuleyule anayetupa chupa ya plastiki mtaroni ndiye anayeitembeza ya kioo mkononi nusu saa kwenda kuirudisha dukani. Na mpango wa kurudisha mzigo kutoka kona hii ya nchi halmashauri moja haiuwezi. Ni kazi ya mkoa mzima.

Tuanze na umbali. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam, kwa njia ya Njombe na Makambako, ni zaidi ya kilomita 900. Mbinga iko mbele ya Songea, kama kilomita 100 nyingine, na Mbamba Bay iko mbele ya Mbinga, kilomita 67. Baada ya hapo ni maji. Zamani, barabara ilipokuwa ya vumbi na masika ikawa ya tope, umbali wenyewe ulikuwa ndio mpango wa taka. Kilichofika ziwani kilikuwa kile kilichostahili taabu ya safari: chumvi, sukari, sabuni ya mche, mafuta ya taa, vitambaa. Na kilichobebea bidhaa kilikuwa mali kama bidhaa yenyewe. Debe la mafuta liligeuka ndoo, likitoboka likawa bati la banda la kuku. Kopo la maziwa likawa kibatari. Tairi likawa katambuga. Mfuko wa mbolea, ambao tunauita salfeti, mpaka leo ukiuacha nje usiku asubuhi huukuti.

Lami ilipofika Mbinga kupitia Peramiho, na mwanzoni mwa muongo huu ikateremka mpaka Mbamba Bay, mambo yakageuka. Sitaisema vibaya lami. Anayekumbuka mgonjwa akipandishwa kutoka Nyasa kwenye gari la mizigo wakati wa mvua hawezi kuisema vibaya. Lakini gari linalofika mara nyingi na kwa gharama ndogo huleta vitu ambavyo zamani visingestahili nauli: maji ya chupa, juisi za rangi, biskuti za kimoja kimoja, sabuni ya kufulia mara moja, pampasi. Vitu hivyo havina maisha ya pili. Hakuna aliyewahi kutengeneza kibatari kwa sacheti.

Kingine kilichokuja na lami ni mwelekeo wa maji, au tuseme kasi yake. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Nyasa uko mita 470 na ushee. Katikati ni mteremko wa milima yenye mitaro ya zege pembeni mwa barabara, na mtaro wa zege hauchagui cha kubeba. Mito ya upande wa magharibi inashuka ziwani, na Ruhuhu unapokea mingine mingi kabla ya kumwaga maji yake karibu na Lituhi. Ila vijito vya upande wa pili vinakwenda Mto Ruvuma, ambao chimbuko lake liko humu humu katika milima ya Umatengo, na huo unafuata mpaka wa Msumbiji hadi Bahari ya Hindi. Mtu wa Mbinga anaweza, bila kuvuka mpaka wa wilaya, kuamua kopo lake liende Malawi au Msumbiji. Anachohitaji ni kujua upande upi wa kilima asimame.

Ziwa lenyewe linataka maelezo kidogo, kwa sababu watu huliangalia ukubwa wake wakadhani linameza kila kitu. Urefu wake ni kama kilomita 580, na kina chake kinafika mita 700. Mlango wake wa kutokea ni mmoja, Mto Shire upande wa kusini kabisa nchini Malawi, unaokwenda kuungana na Zambezi. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia Nyasa hayatoki kwa mlango huo: yanapanda juu kwa jua, yanakuwa mvuke. Kuanzia 1915 hadi 1935 hivi, kina kiliposhuka, Shire haukutoa maji ziwani kabisa. Miaka 20 ziwa lilikuwa limefungwa, na kilichokuwa kinaondoka ni mvuke peke yake. Mvuke haubebi plastiki. Chini sana, maji hayana oksijeni na hayachanganyiki na ya juu, kwa hiyo kinachozama kinabaki huko. Ziwa hili lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, na linapokea kila kitu bila njia ya maana ya kukisukuma nje.

Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa sangara na sato walionunuliwa Mwanza. Katika matumbo ya samaki mmoja kati ya kila watano, kwa aina zote mbili, walikuta chembe za plastiki. Hilo ni Ziwa Victoria, na mlaji wa sangara anaweza kujifariji kwamba utumbo hutupwa. Mwambao wa Nyasa hauna faraja hiyo. Samaki wa kila siku pale ni usipa, mdogo kuliko kidole, anayeanikwa mchangani au kwenye vichanja na kuliwa mzima, kichwa, utumbo na mkia. Kilicho tumboni mwake kinaingia tumboni mwako. Anayeanika usipa Liuli au Mbamba Bay ana haki ya kuuliza kinachotupwa Mbinga mjini kwa sauti ileile anayouliza bei.

Na ng'ambo nako wapo watu. Serikali za Tanzania na Malawi zimevutana miaka mingi kuhusu mpaka unapopita majini au ufukweni, kila moja ikiusoma Mkataba wa Heligoland wa 1890 kwa namna yake. Taka hazijausoma. Malawi ilipiga marufuku mifuko myembamba ya plastiki 2015, wenye viwanda wakaenda mahakamani, na shauri likamalizika kwa serikali kushinda 2019. Mwaka huohuo, tarehe 1 Juni, marufuku ya Tanzania Bara ilianza. Fukwe mbili zinazobishania maji zikajikuta na sheria inayofanana.

Marufuku hiyo ya 2019 inafaa kutazamwa kwa makini, maana ndiyo mafanikio makubwa zaidi ya taka ambayo nchi hii imeyaona. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliitangaza bungeni mwezi Aprili, na chini ya miezi miwili baadaye rambo zilikuwa zimetoweka sokoni. Adhabu kwa mtumiaji ilikuwa faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, na kwa kiwanda ilifika shilingi bilioni moja. Ukinitaka nitaje ni ipi kati ya hizo mbili iliyofanya kazi, nitataja ya pili. Mama muuza nyanya hakuacha rambo kwa kuogopa faini. Aliacha kwa sababu aliyekuwa akimuuzia rambo hakuwa nazo tena. Miaka miwili kabla, tarehe 1 Machi 2017, ilikuwa vilevile kwa pombe kali ya viroba. Kilifungwa kisima, ndoo zikakauka zenyewe. Hata ujanja uliofuata unathibitisha hilo: vifungashio vya nailoni, vile vilivyoruhusiwa kwa karanga na mikate, vilianza kubebea nyanya na vitunguu, na ilipofika 2021 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) likalazimika kuvifuata navyo. Uwazi uliachwa juu, na mzigo ukapita hapohapo.

Linganisha na usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tangu Rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba 2015 na kuwataka watu washike mafagio, siku ya usafi imekuwa desturi. Inapendeza kumwona mkurugenzi akifagia. Lakini fuatilia kile kilichofagiwa. Kinatoka barazani kinakwenda kwenye kizimba, kutoka kizimbani kinapanda trekta la tela siku dizeli ikipatikana, kutoka hapo kinakwenda dampo, na dampo kwa miji mingi ya nchi hii ni korongo lililo mbali kidogo na macho. Mvua inamalizia safari. Kingine kinachomwa nyuma ya jiko, na ule moshi mweusi wa saa kumi na mbili jioni kila mwenyeji anaujua.

*

Sasa nataka kukaa kidogo kwenye taka zinazooza, kwa sababu hapo ndipo Umatengo unapoweza kuwafundisha wengine.

Ripoti ya Benki ya Dunia ya 2018 ilikadiria kwamba mtu mmoja wa Afrika kusini mwa Sahara hutoa wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku, na kwamba asilimia 43 ya taka hizo ni mabaki ya chakula na majani. Simama nyuma ya soko la Mbinga jioni na utaona asilimia hiyo ni ya kiungwana. Kuna maganda ya ndizi, majani ya nje ya kabichi, maganda ya mahindi mabichi, maparachichi yaliyopondeka, nyasi zilizofungia matenga. Ukitoa hivyo vyote, rundo linabaki dogo kiasi kwamba trekta lingekwenda dampo mara moja badala ya mara tatu.

Hapohapo, ukinyanyua macho kuelekea vilima, unaona mashamba ya ngoro. Wamatengo wamelima miteremko hii mikali kwa vizazi vingi bila udongo kuwakimbia, na siri ni majani. Mvua zikielekea ukingoni, wanaume wanafyeka nyasi na kuziacha zinyauke. Kisha wanazipanga kwa mistari inayokatana, shamba zima likawa miraba. Wanawake wanaingia katikati ya kila mraba, wanachimba udongo na kuutupa juu ya mistari ya nyasi mpaka zifunikwe. Katikati panabaki shimo, pembeni panabaki tuta lenye nyasi ndani yake. Maharage yanapandwa tutani. Mvua kubwa ikija, kila shimo linashika maji yake na udongo wake, na nyasi chini ya tuta zinaoza taratibu zikilisha maharage, na msimu unaofuata mahindi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Japani walikuja kulichunguza jambo hili na kuliandika. Wenyeji walikuwa wanalijua.

Kwa hiyo tuna hali hii: halmashauri ya mji, katika nchi ya watu waliojenga kilimo chao juu ya kuozesha majani, inanunua dizeli ili kubeba majani kwenda kuyatupa. Na mkulima aliye kilomita chache kutoka dampo hilo anapanga foleni ya mbolea ya ruzuku. Sililaumu trekta. Kinachozuia mabaki ya soko yasiende shambani ni kile yanachochanganywa nacho: wembe, kioo, betri za tochi, pampasi. Hakuna mkulima atakayeingiza mkono katika mbolea yenye wembe.

Kutenganisha mafungu mawili, linalooza na lisilooza, ndiyo hatua ya kwanza ya mipango mingi ya taka iliyofanikiwa. Kenya wameiandika katika sheria yao ya usimamizi wa taka ya 2022: kila taasisi, ya umma na ya binafsi, itenge fungu linalooza na lisilooza. Ukisikia mtu akisema Watanzania hawawezi kutenganisha taka, mpeleke zahanati yoyote akaangalie ndoo za rangi tofauti na boksi la sindano. Muuguzi wa kijijini anatenganisha kila siku, kwa sababu ameelekezwa, ana ndoo, na kila ndoo inakwenda inakojulikana. Mwananchi anaambiwa atenganishe, halafu trekta moja linakuja kuchanganya tena mbele ya macho yake. Akiacha wiki ya pili, utamlaumu kwa lipi?

Kahawa nayo ina lake la kusema. Zinahitajika kilo tano hadi sita za kahawa mbivu kupata kilo moja safi, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni maganda mabichi na utelezi vinavyobaki kwenye mashine za kuchakatia za pamoja, zile CPU, ambazo kwa kuhitaji maji zimejengwa karibu na vijito. Maji ya kuoshea kahawa yana sukari na tindikali. Yakimwagwa kijitoni yanakula oksijeni na kijito kinanuka. Dawa yake ni mashimo ya kutuamisha maji, na maganda kurundikwa yaoze kabla ya kurudi chini ya mibuni. Vyama vinavyofanya hivyo vipo. Visivyofanya navyo vipo, na mara nyingi viko juu ya mto kuliko vinavyofanya.

*

Turudi kwenye chupa, na tufanye hesabu.

Chukua watu 10,000 wa mji mdogo. Kwa wastani ule wa kilo 0.46, wanatoa tani 4.6 kwa siku. Ripoti ileile ilikadiria plastiki kuwa asilimia 8.6, yaani kilo 400 hivi. Humo toa mifuko, sacheti na nailoni ambazo hazina mnunuzi. Toa zilizochomwa. Toa chupa zinazobaki nyumbani kubebea mafuta na asali, ambazo ni nyingi kuliko wataalamu wa mjini wanavyodhani. Kinachobaki cha kuuza ni kidogo, na ni chepesi. Lori la tani 10 ukilijaza chupa zisizokandamizwa, halifikishi hata tani mbili. Nauli ya kwenda Dar es Salaam, viliko viwanda vingi vya kusaga plastiki, ni ya lori zima. Ndiyo maana kijana mwenye bidii Mbinga anaweza kuokota chupa mwezi mzima na bado asipate mtu wa kuzichukua, wakati mwenzake anayeokota chuma chakavu hana shida: chuma ni kizito, bei yake inazidi nauli, na mizani ya wanunuzi iko hadi vijijini. Hakuna mpango wowote wa serikali ulioondoa vyuma barabarani. Mzani uliviondoa.

Bei ya plastiki, tena, haishikiki. Mwaka 2018 China ilifunga milango kwa plastiki chakavu kutoka nje, na masoko ya dunia nzima yakayumba. Mwokota chupa wa Songea hakusikia tangazo hilo. Aliona bei imeshuka tu.

Lakini plastiki ina sifa moja ambayo nyanya haina: haiozi. Inaweza kungoja. Ikikandamizwa, ikafungwa marobota na kuwekwa mahali pakavu, inaweza kukaa miezi mpaka lori lenye nafasi lipatikane. Na malori yapo. Yanaleta mbolea, saruji, soda na bia. Yapo yanayorudi na mahindi au kahawa, na yapo yanayorudi na nafasi. Kinachokosekana ni mashine ya kukandamizia, ghala, na mtu mmoja mwenye simu ambaye anajua Mbinga kuna marobota mangapi, Mbamba Bay mangapi, Namtumbo mangapi, na lori gani linatoka lini. Mtu huyo hawezi kuwa wa halmashauri moja, kwa sababu halmashauri moja haijazi lori.

Hapa ndipo tunapokutana na sheria zetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka taka ngumu mikononi mwa serikali za mitaa, kuanzia kuzikusanya hadi kuzitupa. Ada ya taka, sheria ndogo, trekta, dampo, vyote ni vya halmashauri. Mkoa, kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, una sekretarieti ya kushauri na kuratibu. Hauna baraza la kutunga sheria ndogo wala kapu la mapato yake. Ruvuma ina halmashauri nane na, kwa sensa ya 2022, zaidi ya watu milioni 1.8. Kwa hiyo ina matatizo nane ya taka yanayoshughulikiwa kila moja peke yake, na barabara chache za kutokea. Wilaya ya Nyasa ilipokatwa kutoka Mbinga 2012, hilo lilizidi: mlima ukabaki na halmashauri zake, ziwa likapata yake, na mtaro wa kati ya viwili hivyo haukupata mwenyewe.

Wenzetu wa Marekani wana majimbo yenye mabunge, na kuwaiga moja kwa moja haiwezekani. Ila namna walivyogawana kazi inafaa kuitazama. California, kwa sheria ya 1989, iliuagiza kila mji na kila kaunti kuandika mpango wa kupunguza taka ziendazo dampo kwa asilimia 25 ifikapo 1995 na 50 ifikapo 2000. Jimbo halikuwaambia watumie mapipa gani. Liliweka shabaha, likataka taarifa, na mji uliopuuza uliweza kutozwa hadi dola 10,000 kwa siku. Oregon ilitangulia 1971 kwa jambo dogo zaidi: kila chupa na kopo la soda na bia liwe na senti tano za kurudishiwa. Ni hela ya chupa ya mangi wetu, imeandikwa kuwa sheria. Miaka ilipopita senti tano zikakosa thamani, urejeshaji ukashuka chini ya asilimia 80, na 2017 ikapandishwa kuwa senti kumi. Hela ya kurudishiwa ikiwa ndogo mno, watu wanaiacha ipotee.

Hela ya chupa kwa plastiki ni jambo la taifa, na mkoa hauwezi kuitunga. Mkoa unachoweza ni kukalisha watu. Kamati ya Ushauri ya Mkoa inakusanya wakuu wa wilaya, wenyeviti wa halmashauri na wakurugenzi katika ukumbi mmoja. Agenda ya taka ikiingia humo kama suala la usafirishaji, ikaacha kuwa suala la mafagio, halmashauri nane zinaweza kukubaliana ghala moja, mashine za kukandamizia chache, na mkataba mmoja wa nauli. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, iliyosimamishwa 2023 na kurudishwa 2024, inaweza kwenda kwa vikundi vya vijana na wanawake vyenye mnunuzi anayejulikana. Kwa sasa kikundi cha usafi kinakopeshwa toyo kabla ya mtu kuuliza itapeleka mzigo wapi. Maghala ya vyama vya ushirika vya wakulima, zile AMCOS, yako wazi sehemu ya mwaka, na wapo watakaosema marobota yawekwe humo. Hapo mimi napinga: kahawa inanyonya harufu, na mnunuzi akionja plastiki kwenye kikombe, hasara itazidi faida ya chupa zote za mkoa. Ghala liwe lake peke yake.

Ugomvi wa kwanza utakuwa wa mahali pa kulijenga. Mbinga watalitaka, na Nyasa watasema wao ndio wenye bandari mpya inayojengwa Mbamba Bay, na kwamba meli zikianza kufunga gati mzigo wao utakuwa mkubwa kuliko wa wote. Mimi ningeliweka Songea, kwa sababu barabara ya Njombe na ile ya Tunduru zinakutana pale, na Mbinga na Mbamba Bay zikapewa mashine za kukandamizia. Lakini Nyasa wasikubali bila sharti. Kupandisha mzigo kutoka ziwani hadi Mbinga ndicho kipande cha ghali kuliko vyote, na sehemu ya kinachookotwa ufukweni ilishuka kutoka juu. Gharama ya mlima huo igawanywe kati ya Nyasa na halmashauri mbili za Mbinga. Tunduru na Namtumbo watauliza yanawahusu nini, maji yao yakienda upande mwingine, na watakuwa na hoja; wao wachangie ghala, mlima wauache. Halmashauri mbili za Mbinga hazitalipenda sharti hili. Liandikwe katika bajeti ya mwaka wa fedha unaotangulia kufunguliwa kwa bandari, wakati Nyasa bado wana kitu cha kukatalia.